Utepe Wenye Mshono

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyetoka mbali na ukakubali kukaa juani pamoja nasi, mheshimiwa diwani wetu, daktari mkuu, bosi wangu kwa saa chache zilizobaki, viongozi wetu wa dini, wajumbe wa kamati ya afya, na ninyi wa kamati ya mapambo mliotufunika kwa maputo mpaka hatuonani, wafanyakazi wenzangu, kina mama mliokaa mbele, na kina baba mliosimama nyuma karibu na njia ya kutokea kama kawaida yenu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa lakini mmekuja, na ndio wengi: nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake. Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, marahaba, hata kama hamkuniamkia.

Mshereheshaji amenionya nisizidishe muda. Nimemsikia. Lakini nimewachoma sindano nusu ya watu waliokaa hapa, tena mahali ambapo siwezi kupataja mbele ya viongozi wa dini, na wote mlivumilia. Leo mtanivumilia tena. Nitasema pole kabla, kama kawaida yangu. Si ndiyo maana mkaniita Sista Pole?

Ombi moja kabla sijaanza. Mkisikia sauti yoyote kutoka kwenye jengo jipya hapa nyuma yangu, msigeuke na msiulizane. Najua mmeambiwa jengo ni tupu, linasubiri kufunguliwa. Nitafika huko. Mwenyekiti wa kamati ya mapambo anajua ninachosema, ndiyo maana anaangalia viatu vyake.

Naona pia macho yenu yanakwenda getini. Mnakitazama kigoda cha kaka yangu, Fundi Cherehani. Kila sherehe ya zahanati hii, tangu mimi ni kijana, Fundi hukaa pale nje ya geti na kigoda chake, ametupa mgongo, anasikiliza hotuba zote na kuguna. Leo kigoda kipo, mwenyewe hayupo. Nimeshawasikia mkinong'ona kwamba safari hii amesusa kabisa. Subirini. Huyo naye nitamfikia.

Mheshimiwa, hebu nianzie mbali kidogo.

Lile jengo la zamani, lenye bati lililoshika kutu na kuta zilizopakwa chokaa juu ya chokaa mpaka kona zake zimekuwa za duara, halikujengwa na serikali. Lilijengwa na mama zetu. Tanuri la matofali lilikuwa kule bondeni, na matofali yalipanda kilima hiki juu ya vichwa vyao. Mama yangu alikuwa na ngata ya kitambaa cha kijani, na mpaka leo nikiona kijani kile shingo inaniuma kwa niaba yake. Walikuwa wakiimba wakipanda, na wakishuka walikuwa wakisengenyana, na sisi watoto tulipenda zaidi safari ya kushuka. Kina baba walichimba msingi na kubishana. Kila tofali moja la mama liliambatana na hoja mbili za baba. Jamani, raha ile! Hatukuwa na kitu, na hatukujua kwamba hatuna kitu.

Baba yetu alikuwa seremala. Mlango wa jengo lile, ule wa mbao nzito ambao hadi leo hauna hata ufa, ni kazi ya mikono yake. Kaka yangu alikuwa bado anajifunza ushonaji kwa fundi mmoja pale sokoni, na akashona mapazia ya madirisha yote, meupe yenye pindo la buluu. Nakumbuka harufu ya vitambaa vile vipya, na harufu ya chokaa mbichi, na harufu ya mbao chini ya randa ya baba. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwapelekea maji na kuulizwa nitakuwa nani nikikua.

Jengo likaisha. Serikali ikasema: vyema, ninyi mmejenga, sisi tutaleta dawa, vitanda na muuguzi. Tukashangilia. Kweli lori likaja, maboksi yakaingizwa, vitanda vikapangwa, kisha jengo likapigwa kufuli. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa bado halijafunguliwa rasmi. Ukafungwa utepe mlangoni, na pindo za utepe ule alizishona kaka yangu huyu huyu. Mgeni rasmi akaahirisha. Akapanga tena. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika, akaahirisha tena. Sisi watoto tulikuwa tunapanda kwenye tofali, tunachungulia dirishani kati ya mapazia, tunaona maboksi ya dawa yamejipanga mle ndani. Tulijua kusoma majina yake kabla hatujajua yanatibu nini.

Ndipo baba akashikwa na kichomi. Alikuwa hawezi kuvuta pumzi bila kushika ubavu. Adhuhuri moja, kaka na majirani wakamlaza kwenye mkokoteni, wakamsukuma mpaka mlangoni pale. Mlinzi alikuwa mtu mwema, jirani yetu, na akamwambia kaka maneno ambayo kaka hajayasahau: "Subirini kidogo tu. Mgeni rasmi yuko njiani."

Kaka akasema, "Mlango huu ameutengeneza yeye mwenyewe."

Mlinzi akasema, "Najua, mdogo wangu. Lakini ufunguo sina. Uko ofisini, na ofisi iko mjini."

Wakageuza mkokoteni kuelekea hospitali kubwa. Baba hakulifikia daraja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji alifariki akimsubiri mgeni. Mgeni alikuja baadaye, alikata utepe, alitoa hotuba nzuri sana, na watu walipiga makofi. Kaka yangu alichukua kigoda, akakaa nje ya geti, akageuza mgongo. Akasema: "Mlango huo sipiti tena maisha yangu yote. Na nikifa, nipitisheni dirishani."

Nimeyasema haya kwa sababu miaka yote hii mmebishana juu ya serikali na afya zetu, na wengi mmedhani Fundi ni mpinzani wa siasa tu. Mjue alipoanzia.

Sasa fikirieni, kwa kaka wa namna hiyo, mimi mdogo wake wa pekee narudi nyumbani na kusema nimechaguliwa chuo cha uuguzi cha serikali. Weee! Nyumba haikutosha.

"Yaani kazi zote duniani umezikosa," akasema, "ukaona ukawatumikie watu wa kufuli?"

"Naenda kuushika ufunguo, kaka."

"Ufunguo wa serikali haukai shingoni mwa mtu. Utaona."

Basi mimi nikauweka shingoni. Uzi huu mnaouona hapa, ambao watoto wengi wa hapa wameuvuta nikiwapima uzito, umeshika ufunguo wa zahanati tangu siku niliyokabidhiwa. Na tangu siku hiyo mlango ule wa baba haujafungwa kwa kufuli. Usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi, ulirudishwa tu ili mbuzi wasiingie. Kufuli lenyewe nililigeuza kitu cha kukandamizia karatasi mezani zisipeperuke. Wakaguzi walikuwa wakiniuliza, sista, hili kufuli la nini hapa? Nikawa nawajibu, la upepo.

Mheshimiwa, kama ungekuwa umewahi kunyolewa katika mtaa huu, na kwa kichwa chako naona ulinyolewa kwingine, ungekuwa umeshazisikia hoja zote. Bunge letu liko kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe ni mtu wa serikali damu. Yeye husema afya ni haki, na serikali ilipie kila kitu, kuanzia upasuaji mpaka plasta ya kidoleni. Husema hayo akiwa na wembe mkononi, kwa hiyo anayenyolewa hukubali. Mama mwenye duka la kona hukataa akiwa barazani kwake upande wa pili wa barabara; kwake cha bure hakina heshima, kila mtu achangie hata kidogo, ndipo atakunywa dawa yake mpaka iishe. Mwalimu mstaafu hutaka pande zote zishikane mikono, na kwa kuwa anataka hivyo hakuna upande unaomsikiliza. Na kaka yangu, aah, kaka yangu: "Serikali ina mkono mrefu," husema, "lakini ni mrefu wa kuchukua. Wa kuleta ni mfupi, na huo mfupi nao unasubiri kusainiwa."

Tulipoanza kujenga jengo hili jipya, nusu nguvu zetu na nusu ya serikali, mabishano yalichacha. Liwe la nani? Lisimamiwe na nani? Kinyozi na kaka walifokeana mpaka mteja mmoja akaondoka na upande mmoja wa kichwa haujanyolewa. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na kaka hakukanyaga tena kwa kinyozi. Zile ndevu zake mlizodhani ni za uchaji, ndugu zangu, zilikuwa za siasa.

Mimi niliyekuwa katikati, nimeona nini? Nitawaambia, kwa kuwa kesho mimi si mtumishi tena na hakuna wa kunihamisha.

Nimeona serikali ikileta friji ya chanjo, na baada ya friji ile surua iliyokuwa ikizika watoto wetu kila msimu ikawa hadithi ya bibi. Kamati gani ya mtaa ingeweza kufanya hivyo? Hakuna, hata tungechanga mpaka mashuka. Nimeiona pia serikali ile ile ikituletea buti za mpira nilipoomba glavu. Nimewaona wananchi, mwaka ule wa kuharisha, wakibeba vitanda kutoka vyumbani mwao na kulala chini wenyewe, ili wagonjwa walale hapa. Na nimeiona kamati ya wananchi hao hao ikitaka kumrudisha mama mjamzito, eti mume wake hakuja kuchimba mtaro. Nilimwingiza. Mwenyekiti wa kamati enzi hizo alininunia mpaka alipougua yeye. Serikali ni watu, na kamati ni watu, na watu mnawajua.

Mmoja wenu aliwahi kusema mgonjwa akishalala haulizi kitanda ni cha nani. Ni kweli. Lakini aliyefungiwa nje atauliza tu. Na ana haki ya kuuliza, hata akiuliza kwa miaka mingi, hata akiuliza kwa kutupa mgongo.

Nirudi kwa Fundi. Alikataa mlango, lakini hakuiacha zahanati. Mapazia yote, mashuka yote, majoho ya wazazi, hata hii sare niliyovaa, ni cherehani yake. Siku moja akaniambia, "Pazia la dirisha la wodi ya watoto limefupika, upepo unalivuta nje. Niletee nilishushe."

Nikamwuliza, "Umelionaje, na wewe huingii?"

"Nilikuwa napita barabarani."

"Barabara ni ya serikali, kaka."

Akaguna. Kisha akasema, "Wewe funga bendeji."

Bendeji, ndiyo. Sukari ilipomshika, mguu wake wa kushoto ukapata kidonda kisichotaka kufunga. Nilikuwa namsafisha kila Ijumaa kwenye baraza ya nyuma ya jengo la zamani. Alikubali baraza kwa sababu, kwa maelezo yake, ile ilijengwa kwa matofali yaliyobaki, na mabaki hayakuwa kwenye mkataba wa serikali. Basi anakaa juu ya ndoo aliyoigeuza, mimi napiga magoti, nasema pole, yeye anasema endelea, na tunaanza kuzungumza habari za nyumbani. Tulimzungumzia mama pale. Tulimcheka mlinzi yule mwema alivyozeeka na kuja kuomba dawa ya kikohozi. Tulipatana pale, Ijumaa baada ya Ijumaa, bila yeyote kusema tumepatana. Mkiniuliza nitakumbuka nini katika kazi yangu yote, sitataja semina wala cheti. Nitaitaja baraza ile, maji ya uvuguvugu kwenye beseni, na kaka yangu akiniambia nimenenepa.

Baraza ile inabomolewa kupisha tangi la maji. Nami nahamia kwa binti yangu, maana wajukuu wamenidai. Daktari mkuu, kwa upole, alinieleza mambo mawili: kwamba kuanzia sasa vidonda vitasafishwa ndani, chumba cha matibabu, na kwamba mguu wa Fundi ukiachwa wiki chache bila kusafishwa vizuri, utakatwa. Nikaenda dukani kwake. Nikambembeleza. Nikamwambia, kaka, muuguzi mpya ni binti mzuri, ana mkono mwepesi kuliko wangu, mpe mguu wako. Akaendelea kukanyaga cherehani. Nikalia, wala sioni haya kusema, nililia mbele ya wateja. Akasimamisha mashine, akasema, "Dada, kama ni kukatwa, wakate. Lakini wakanikatie nje."

Mimi na ufunguo wangu shingoni, ningefanya nini? Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa na mtu ninayempenda.

Sasa sikilizeni ya leo asubuhi.

Kamati ya mapambo ni vijana. Hawajui historia. Walipotaka utepe mzuri, wakaenda kwa fundi mzuri. Akawatazama, akauliza tu, "Wa upana gani?" Asubuhi akauleta mwenyewe, na akataka kuufunga mwenyewe, maana hawaamini watu na vitambaa vyake. Nikamkuta amesimama hapa kwenye ngazi za jengo hili, nje ya mlango, na mkasi wake mfukoni mwa shati kama siku zote. Sikumsemesha. Vitanda vyote tulikuwa tumeshavihamishia huku tangu jana, jengo la zamani limebaki kuta. Ufunguo wa jengo jipya ulikuwa kwenye sinia, juu ya kitambaa chekundu, ukisubiri mkono wako, mheshimiwa.

Hapo ndipo akatokea mke wa kinyozi. Anatembea huku ameshika ukuta, maji yameshamtoka, na kinyozi pembeni amebeba beseni tupu, hajui la kulifanyia. Mtu aliyezungumza bila kupumzika kwa miaka mingi, leo hoja zote zimemkimbia. Nikamsikia akisema tu, "Jamani serikali iko wapi? Serikali iko wapi?" Nikamwambia, "Ndiyo mimi hapa, hebu nishikie huu mkoba."

Mwenyekiti wa mapambo, kijana wa watu, hakuwa na nia mbaya. Alitandaza mikono mbele ya ule utepe na akasema kwa adabu zote: "Mama, subirini kidogo tu. Mgeni rasmi yuko njiani."

Mheshimiwa, neno kwa neno.

Nilimgeukia kaka yangu. Sijawahi kumwona na uso ule tangu adhuhuri ile. Sikumwona akitoa mkasi. Nilisikia tu sauti yake, ile sauti ya mkasi mkali kwenye kitambaa kizuri, na utepe ukaanguka pande mbili. Akasema, "Dada, ufunguo."

Nikaunyakua kwenye sinia. Mlango ukafunguka. Kaka akamshika mama yule upande huu, kinyozi akamshika upande ule, watu wawili ambao walikuwa hawasalimiani, na wakaingia naye pamoja. Kizingiti kile kaka alikivuka bila kukitazama. Alikuwa anamwambia kinyozi, "Inua, bwana, inua! Huyu si kichwa cha kunyolewa!"

Ala! Mmeisikia hiyo sauti? Nilisema msigeuke, nanyi mmegeuka wote, hata viongozi wa dini. Haya, si spika inayokwaruza. Ni mtoto wa kike, mzito, mzima, ana mapafu ya dalali wa mnada, na ndiye mwananchi wa kwanza kuhudumiwa katika jengo ambalo, kwa taratibu, bado halijaanza kutoa huduma. Mama yake hajambo. Baba yake alizimia kidogo, sasa anakunywa uji.

Tulipomaliza, nikatoka chumba cha kujifungulia nikifuta mikono. Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi la ndani, karibu na mlango. Bendeji yake ilikuwa imefumuka wakati wa kubeba, imeburutwa sakafuni, na kidonda kiko wazi. Muuguzi mpya, huyu binti aliyekaa pale na anayetamani nisimtaje, alikuja na beseni, akapiga magoti mbele yake. Nikasimama palepale.

Kaka akamtazama. Akasema, "Taratibu, mwanangu. Dada yangu huanza kwa kusema pole."

Binti akasema, "Pole, babu."

Kaka akafumba macho, akanyoosha mguu.

Nilijificha nyuma ya kabati la dawa nikalia kama mtoto, na sijui nilikuwa namlilia nani: baba, au kaka, au mimi mwenyewe ninayeondoka. Labda wote. Kisha mwenyekiti wa mapambo akaja mbio, utepe mkononi. "Sista, mgeni anaingia! Nitasema nini?" Kaka akasema, "Lete hapa." Sindano yake hukaa kwenye kola ya shati. Akaushona palepale, mguu mmoja uko kwenye maji, na akaukabidhi.

Nikamwambia, "Kaka, basi tutoke, wageni wamefika. Kigoda chako kiko getini."

Akatikisa kichwa. "Sitoki. Nikitoka, watafunga."

Ndiyo sababu kigoda ni kitupu, ndugu zangu. Fundi hakususa. Yuko nyuma ya mlango huu, ndani, anaulinda.

Basi, mheshimiwa, nina maombi kwako. Pale kwenye sinia usihangaike na ufunguo ulioko. Ule ni wa kabati la jikoni kwangu, niliuweka ili kitambaa kisibaki kitupu. Wa kweli ni huu, kaka ameufunga kwenye uzi wangu asubuhi hii. Naomba uniruhusu nimkabidhi huyu binti mbele ya macho yako, kwa niaba ya serikali iliyomwajiri na ya wananchi waliojenga, ili pasiwe na ubishi aliutoa nani. Njoo, mwanangu. Inamisha kichwa. Uzi umechakaa lakini fundo ni la kaka, halifunguki. Kufuli nimekuachia mezani. Wewe unajua kazi yake.

Na mkiendelea kubishana baada yangu, na mtabishana, maana kinyozi atapata nguvu akimaliza uji, bishaneni mpendavyo juu ya nani alipe, nani asimamie, nani aandikwe ukutani. Bishaneni huku mlango ukiwa wazi. Nawaomba hilo tu, kwa jina la mtu aliyetengeneza mlango wa kwanza.

Mheshimiwa, ukisogea kwenye utepe utaona, katikati, mshono mdogo. Ni mzuri, wengine hawatauona. Naomba mkasi wako upite hapo hapo. Kisha usukume mlango polepole, haujafungwa. Utamkuta mzee mwenye ndevu kwenye benchi, ana bendeji mpya mguuni. Usimwulize lolote, wala usimpe mkono wa picha. Mwamkie tu, maana ni mkubwa kwako. Akikwambia karibu, ingia. Leo mwenyeji ni yeye.

Nawashukuru wote kwa kunilea, kwa kunivumilia, na kwa kunipa masikio yenu hadi hapa. Makofi naomba msipige, kuna mzazi amelala.